Nyumba Mbili, Kadi Mbili

Katika nyumba niliyoolewa, Pangani, mjamzito hakutoka kwenda hospitali hivi hivi. Ruhusa ilikuwa na njia yake. Ulimwambia wifi, wifi akamwambia mama mkwe, mama mkwe akamfikishia baba mkwe, na baba mkwe akampigia simu mwanawe, mwenye mke na mwenye pesa. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Mchana, watu wakiwa karibu na simu zikishika mtandao, shughuli hiyo ilimalizika ndani ya saa moja. Usiku ulikuwa na mambo yake.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wakwe zangu. Nimelelewa Muheza katika nyumba iliyoendeshwa vivyo hivyo, na najua faida yake. Utaratibu ule ulimkinga mke mgeni asivutwe huku na huko na kila mwenye maoni. Ulihakikisha kwamba gharama ikitokea, yupo mtu mzima aliyeijua na kuikubali. Lakini kuna ugonjwa wa wajawazito usiosubiri zamu ya mtu, nao ulinipata mwaka 2010 katika mimba yangu ya kwanza. Madaktari na watu wa mtaani wote wanauita kifafa cha mimba.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa, Dar es Salaam hadi Lusaka. Akishavuka Tunduma hapatikani. Kwa hiyo mimba yangu ilikuwa mikononi mwa mama mkwe, naye aliijali kama ya mwanawe wa kuzaa. Aliamka kabla ya adhana kunichemshia uji. Alinikataza kubeba ndoo. Miguu ilipoanza kuvimba alifurahi. "Mimba imekukubali, mwanangu," alisema, na majirani waliokuja kutusalimu wakaitikia. Alikuwa amezaa watoto wanane, saba kati yao hapohapo nyumbani, na miguu yake ilivimba kila mara bila kumletea shari. Uzoefu wake ulikuwa wa kweli. Miguu ya wajawazito wengi huvimba na hakuna linalotokea. Kilichotakiwa kutushtua ni uso wangu kuumuka asubuhi na pete kugoma kutoka kidoleni, na hayo nayo yalipokelewa kama dalili ya unono.

Nimejifunza baadaye jinsi ugonjwa huu unavyokwenda. Unaanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolilisha kondo hushindwa kupanuka inavyostahili mimba ikiwa bado changa, kondo likakosa damu ya kutosha, na kutoka hapo linaingiza kwenye damu ya mama vitu vinavyoharibu kuta za mishipa mwili mzima. Presha hupanda. Figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Ini huumia, na mwisho ubongo. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya wiki ya 20, na ubaya wake ni kwamba mwanamke anaweza kuwa na presha ya 140 kwa 90, au zaidi, huku anatwanga na kucheka na wenzake. Mashine ya presha hujua kabla yake. Akishafika 160 kwa 110, kila saa ni ya hatari.

Kwa hiyo kliniki ya wajawazito si mahali pa kwenda kupata kadi tu. Presha ya siku moja haisemi mengi. Mfuatano wake ndio unaosema. Mwanamke aliyeanza na 100 kwa 60 kisha akafika 135 kwa 85 anapanda mlima, ingawa hakuna tarakimu yake hata moja inayotisha ikisomwa peke yake.

Mfuatano wangu ulikatika, na ulikatwa na heshima ya nyumba mbili. Kwetu mimba ya kwanza hurudishwa kwao mke. Mwezi wa saba ulipoingia, shangazi yangu alitoka Muheza kuja kunichukua. Haikuwa safari ya kufunga mzigo na kuondoka. Baba mkwe alitaka mwanawe awepo, shangazi hakutaka kuonekana ana haraka, na kila upande ukawa unamstahi mwenzake hadi wiki zikapita. Nilipoondoka hatimaye, kadi yangu ya kliniki ilibaki Pangani, chini ya godoro la mama mkwe, pamoja na hati ya shamba. Ndipo vitu vya thamani vilipowekwa, naye aliihesabu kadi ile kuwa kitu cha thamani. Muheza nikafunguliwa kadi nyingine. Muuguzi aliniona nina 130 na ushei, hakuwa na kadi ya kwanza ya kulinganisha, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Kabla wiki mbili hazijatimia ukatokea msiba upande wa mume, na mkwe hawezi kukosekana kwenye msiba. Nikarudi Pangani. Kadi ya pili nayo ikabaki Muheza, kwenye sanduku la mama yangu.

Hakuna aliyefanya jambo la hovyo hapo. Nyumba zote mbili zilinipenda, na kila moja ilitunza nusu ya presha yangu.

Jingine lilihusu mama yangu mzazi. Pale kliniki niliulizwa kama kwetu kuna mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba, mama au dada. Nikajibu hakuna, kwa maana sikuwahi kusikia. Ugonjwa huu hupenda mimba za kwanza, mapacha, wasichana wadogo sana na wanawake waliovuka miaka 35, wenye kisukari, wenye figo mbovu, wenye presha ya siku nyingi. Hupenda pia damu moja: mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliugua yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake. Mama alikuwa na jibu la swali lile, lakini hakuna aliyemuuliza, na katika maisha yake yote alikuwa amefundishwa kulificha.

Usiku wenyewe naukumbuka hadi mahali fulani tu. Nakumbuka kichwa kikiuma kwa mbele, maumivu ambayo Panadoli haikuyagusa. Nakumbuka mwanga wa taa ukigawanyika mara mbili. Nakumbuka maumivu chini ya mbavu za kulia ambayo sote tuliyaita kiungulia, nikapewa tangawizi. Baada ya hapo sina kumbukumbu yangu mwenyewe. Ninayo ya watu wengine, na haifanani.

Shangazi wa mume wangu husema yeye ndiye wa kwanza kutamka hospitali. Baba mkwe husema alikuwa ameshavaa kanzu kutafuta gari kabla hajaambiwa. Mama mkwe husema alikuwa akinisomea, na wakati huohuo akiwahimiza. Nawaamini wote, kwa sababu kila mmoja anaeleza alichokuwa nacho moyoni. Waliniona nimekakamaa, macho yamegeuka, povu linatoka. Mmoja akafukiza ubani. Mwingine akanitia kijiko mdomoni nisiume ulimi, na pembe ya jino langu la mbele imeondoka na kijiko kile hadi leo. Mtu anayeshikwa na degedege hatiwi kitu mdomoni. Anageuzwa alale kwa ubavu wake wa kushoto, vitu vya kumuumiza vinaondolewa karibu yake, na gari linatafutwa.

Anayenyamaza katika masimulizi haya ni wifi yangu. Wakati ule alikuwa kidato cha tatu. Miaka ilipita kabla sijakutana na jirani mwenye pikapu ya kubebea samaki, naye ndiye aliyenieleza. Binti yule alikwenda kumgongea mlango peku, anatweta, akamwambia, "Baba anasema utuletee gari, mgonjwa apelekwe." Baba hakuwa amesema. Alikuwa bado anajaribu namba ya mwanawe, naye mwanawe alikuwa Zambia. Gari lilipoingia uani na dereva akasema ameitwa na mzee, baba mkwe alimtazama bintiye, kisha akasema, "Ndiyo, nimekuita." Sijui kitendo cha uungwana kuzidi hicho alichopata kunitendea mzee yule.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuipata ukishafika. Serikali zinapojenga vituo na barabara zinashughulika na wa pili na wa tatu. Ule wa kwanza umo chumbani, na kwetu uliondolewa na msichana wa shule aliyesingizia ruhusa. Nimemuuliza wifi alipata wapi ujasiri. Alinijibu kwamba darasani walikuwa wamefundishwa uzazi wiki chache kabla, na mwalimu alikuwa amewaambia kuwa mjamzito akipata degedege si jambo la kusubiri.

Kituoni nilichomwa sindano za magnesiamu salfeti, nyingine kwenye mshipa na nyingine kila tako. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba ikitolewa kwa mwenye dalili kabla degedege halijaanza, inapunguza kwa nusu uwezekano wa kupata degedege hilo. Kwangu lilikuwa limeshaanza, na dawa ileile ndiyo iliyozuia lisirudi njiani. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Baba mkwe akayanunua. Hospitali ya mkoa nilifanyiwa upasuaji, kwa sababu tiba ya kweli ya ugonjwa huu ni moja, mtoto na kondo kutoka. Mwanangu alizaliwa kabla ya wakati, hajafika kilo mbili.

Mimi nilikuwa bado nimelala, presha haijashuka. Mtoto wa namna ile alihitaji joto la mwili wa mtu, kufungwa kifuani ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, palipokuwa na uhaba wa mashine za kuwahifadhi watoto njiti. Muuguzi akauliza nani atambeba. Mama mkwe akafungua vifungo vya gauni. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona bila mtandio kichwani alikaa wodini kifua wazi chini ya kanga, mchana na usiku, mjukuu wake akipumua juu yake. Mama yangu alipofika kutoka Muheza wakawa wanapokezana. Nilipopata fahamu sawasawa niliwaona wawili hao, waliokuwa wakizungumza kwa kupitia washenga na mashangazi, wakipeana mtoto bila neno.

Ilikuwa mbele ya daktari, zamu ya asubuhi, mama yangu aliposema. Daktari aliniuliza tena lile swali la kwetu, na kabla sijajibu mama akasema, "Mimi." Kabla yangu alikuwa amezaa mtoto mwingine. Alishikwa na degedege wakati wa uchungu, mtoto akafa, yeye akapona, na wazee wakasema ni shetani wa ukoo. Aliambiwa asilitamke tena ili lisiwafuate mabinti. Alilitii neno hilo kwa miaka yote aliyonilea. Nilimshika mkono, na hakuna lawama niliyokuwa nayo kwake wakati huo wala sasa. Aliambiwa kwamba kunyamaza ndiko kutakakonilinda. Lakini nakataa kwamba mama mwingine yeyote aambiwe hivyo.

Watu wengi hudhani mtoto akishatoka hatari imekwisha. Haijaisha. Presha ya mzazi mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati ambao wengi tumesharudi nyumbani, na degedege linaweza kumshika mwanamke hadi wiki sita baadaye, hata ambaye ujauzito wake wote ulikuwa shwari. Wataalamu huhesabu siku 42 za uzazi. Wazee wetu huhesabu 40. Wamekutana karibu kabisa, na nadhani kuna jambo la kushukuru hapo: tunao tayari muda uliotengwa, mwanamke asifanye kazi, apikiwe, akandwe, alale. Ni malezi ambayo wanawake wa nchi tajiri wanayatamani. Shida ni kwamba arobaini humfungia mzazi ndani, na anayefungiwa ndani dalili zake zinasomwa na watu wa ndani tu. Kichwa kikimuuma ni baridi. Akiona maluweluwe ni damu chafu. Atawekewa jiko la mkaa chumbani na madirisha yatafungwa, na moshi usioonekana wa mkaa unaweza kumuua yeye na kichanga.

Kwangu ulizuka mjadala wa vidonge. Nilitoka hospitali na dawa za presha, na wazee wakahofu kuwa zitaingia kwenye maziwa. Mama mkwe hakubishana na mtu. Alichukua zile pakiti, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nazo zahanati, akarudi na jibu kwamba dawa nilizopewa zinafaa kwa anayenyonyesha na kwamba kuziacha ndiko kutakakoniua. Tangu hapo alinimezesha mwenyewe, saa ileile kila siku. Jiko la mkaa alilitoa nje. Kunikanda kwa maji ya moto hakuacha, ila aliuruka mshono.

Kulikuwa na jambo ambalo hata yeye hakulipatia dawa. Nililia. Nililia mtoto akiwa amelala salama, nikalia chakula kikija, na usiku niliogopa kufumba macho. Kila mgeni aliniambia nimshukuru Mungu, wangapi wamekufa. Nilikuwa nikimshukuru, na bado nililia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake wapatao 13 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona, na katika nchi kama zetu kiwango ni kikubwa zaidi. Mwenye kutoka kwenye uzazi wa hatari yumo kwenye hatari hiyo pia. Aliyenitoa gizani ni mume wangu. Aliomba likizo bila malipo, akalala chini kwenye mkeka kando ya kitanda, akawa anasikiliza nisiyoyakumbuka na ninayoyakumbuka, bila kunitaka nishukuru. Najua wanaume wengi hukwepa chumba cha mzazi kwa kuambiwa si mahali pao. Ni mahali pao.

Nilipopata mimba ya pili, baba mkwe aliitisha kikao cha pande mbili, watu wa Muheza nao wakaja. Niliogopa kwamba ningekatazwa kuzaa tena. Hakusema hivyo. Alimpa mkewe nafasi ya kuzungumza kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mama mkwe akatoa amri yake: atakayemwona mkwe wangu anaumwa kichwa, haoni vizuri, au uso umevimba, asiulize mtu, aite gari. Pesa ya gari ikawekwa kwenye simu ya wifi. Kadi ikawa moja, na ikakaa kwenye mkoba wangu popote niendapo. Mama yangu akasimulia mbele ya wote habari ya mtoto wake wa kwanza, na mabinti wa nyumba zote mbili wakasikia.

Hospitali nayo ilinichukulia kwa uzito. Aliyewahi kuugua ugonjwa huu huanzishiwa dozi ndogo ya aspirini mapema, kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya daktari na si kwa kununua dukani. Nilipimwa mara kwa mara. Presha ilipanda mwezi wa mwisho, ikaonekana siku hiyohiyo, nikajifungua nikiwa na fahamu zangu zote. Mpaka leo napima kila mwezi, kwani mwanamke aliyepata kifafa cha mimba anabaki na hatari kubwa zaidi ya presha, kiharusi na maradhi ya moyo maisha yake yote. Hilo sikuambiwa nilipotoka hospitali mara ya kwanza, na ni haki ya kila mwanamke kuambiwa.

Nchi yetu imetembea. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010, mwaka ule nilioanguka, ulikadiria vifo 454 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 umekadiria 104. Sasa kuna mfumo wa m-mama ambao kwa kupiga 115, bila malipo, mjamzito au mzazi mwenye dharura hutafutiwa gari la wagonjwa, au gari la dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Lakini namba hiyo haijipigi. Lazima awepo mtu ndani ya nyumba mwenye ruhusa ya kuipiga saa nane za usiku bila kumwamsha mwingine kwanza, na mtu huyo anatakiwa ajulikane kabla mimba haijafika mwezi wa saba. Mtajeni kwa jina, mbele ya wote.

Wewe uliye mama wa mabinti, waambie ulivyowazaa, hata lile uliloambiwa ulifiche. Na kama nyumbani kwako sasa hivi yupo mjamzito, au mzazi aliyejifungua ndani ya wiki hizi sita, naye analalamika kichwa, weka chini makala hii umpeleke akapimwe presha.